Ryijy: Zulia la Finland Lililotoka Kitandani
Ryijy ni zulia la sufu lenye nyuzi ndefu upande mmoja, ambalo katika nyumba nyingi za Finland hutundikwa ukutani, ingawa mwishoni mwa Zama za Kati halikuwa pambo wala kitu cha kukanyagwa, bali blanketi. Wavuvi na mabaharia wa Bahari ya Baltiki walilipendelea kuliko ngozi ya kondoo, kwa sababu ngozi ikiloa maji ya chumvi hukakamaa inapokauka, ilhali sufu iliyofumwa hufulika na kubaki laini.

Mfumi hukaza mtande, yaani nyuzi za urefu, kisha hufunga vipande vya sufu, kila fundo likishika nyuzi mbili za mtande, na baada ya kila safu ya mafundo hupitisha mara nyingi mshindio, yaani uzi unaokingama. Wafumaji wa Uturuki hutumia fundo hilohilo, lakini wao huzibananisha safu. Katika ryijy safu ziko mbalimbali, hivyo nyuzi hulaliana kama makuti ya paa na kuhifadhi joto bila kulifanya blanketi kuwa zito mno. Upande wa nyuzi ndefu ndio uliogusa mwili wa aliyelala.

Katika karne ya 18, mifarishi ya manyoya ya ndege ilipoenea katika nyumba za wenye uwezo, kazi ya kutia joto ikaondoka mikononi mwa ryijy, nalo likageuzwa, nyuzi zikatazama juu na kutiwa maua, mti wa uhai, mwaka na herufi za majina ya wenyewe. Maharusi walisimama juu yake wakifungishwa ndoa, na pengine hiyo ndiyo siku pekee lilipokanyagwa.

Viwanda vya nguo vya karne ya 19 viliudhoofisha ufumaji huo vijijini, na waliouinua tena walikuwa wasomi wa mjini waliotafuta alama za taifa wakati Finland ikiwa chini ya Urusi. Mwaka 1879 mchoraji Fanny Churberg aliasisi Chama cha Marafiki wa Kazi za Mikono za Finland, na katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 ikaonyeshwa "Liekki", yaani Mwali, ryijy iliyobuniwa na Akseli Gallen-Kallela, msanii yuleyule aliyeishi na kuchora Kenya mwaka 1909 hadi 1910. Kazi hiyo ilifunika benchi na kuteremka hadi sakafuni, matumizi ambayo mvuvi wa kale asingeyaelewa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mbunifu Eva Brummer alikata nyuzi kwa urefu usiolingana ili mwanga na kivuli vichore pamoja na rangi, huku akina mama wa nyumbani wakinunua vifurushi vya sufu na kitambaa kilichokwisha kufumwa, wakayashona mafundo kwa sindano.