Chui Milia na Korongo

Katika ufalme wa Joseon, Korea, ilitosha kumtazama ofisa kifuani ili ujue kama kazi yake ni ya kalamu au ya upanga. Vitambaa vya mraba vilivyotariziwa wanyama vilianza kuvaliwa mwaka 1454. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 utaratibu ulikuwa mwepesi: korongo kwa maofisa wa kiraia, chui milia kwa wanajeshi, mnyama mmoja kwa ngazi ya chini, wawili kwa ngazi ya juu.

Wanyama hao wamo pia katika taekwondo. Katika *beom seogi*, mkao wa chui milia, uzito karibu wote hubebwa na mguu wa nyuma uliokunjwa goti; wa mbele hugusa chini kwa ncha ya wayo tu, tayari kurusha teke. Katika *hakdari seogi*, mchezaji husimama kwa mguu mmoja kama korongo, wayo wa pili ukiwa kando ya goti. Mkao huu umo katika Geumgang, mfululizo wa miondoko wa wenye mkanda mweusi. Kwa mtazamaji ni utulivu mtupu. Mapaja ya anayesimama yana habari nyingine.

Chui milia ni mkongwe zaidi ya vyote hivi. Katika makaburi ya Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, chui milia mweupe amechorwa akilinda upande wa magharibi, joka la buluu mashariki. Mwaka 1988, chui milia Hodori alikuwa kikaragosi wa Olimpiki ya Seoul, ambako taekwondo ilichezwa kama maonyesho. Ilipata nafasi rasmi Sydney, mwaka 2000.