Habari za Mtungi wa Pombe katika Milima ya Vietnam

Katika nchi ya Vietnam, magharibi ya pwani ya kati, pana nyanda za juu wakaapo Wabahnar, Wajarai, Waede na Wamnong. Tangu kale watu hawa hunywa pombe ya mchele pamoja, katika mtungi mmoja, kwa mirija mirefu. Wavietnam wa mabondeni huiita rượu cần, yaani pombe ya mrija.

Tueleze kwanza jinsi ifanywavyo. Mchele hupikwa ukatandazwa upoe, kisha huchanganywa na chachu iliyofanywa kwa unga wa mchele na majani na mizizi ya msituni. Hutiwa na makapi ya mpunga ili mirija isizibe, vyote vikashindiliwa mtungini na kufunikwa. Baada ya majuma kadhaa pombe huwa tayari. Siku ya kunywa mtungi hujazwa maji, na mwenye nyumba huiomba kwanza mizimu. Kijiti chenye ncha iliyoelekea chini huwekwa mdomoni mwa mtungi: mnywaji hana budi kunywa hata maji yashuke chini ya ncha ile, kisha hujazwa tena kwa zamu ya mwenziwe. Hivyo tajiri na maskini hupata kipimo kimoja mbele ya macho ya wote.

Mtungi wenyewe ulikuwa mali. Mitungi ya kale ililetwa na wachuuzi kutoka mabondeni, na iliyo bora ilibadiliwa kwa nyati. Georges Condominas, Mfaransa aliyekaa na Wamnong katika kijiji cha Sar Luk mwaka 1948 na 1949, aliona jinsi mitungi ilivyofunguliwa katika sadaka na mapatano. Tena watu wale waliutaja mwaka kwa jina la msitu walioufyeka na kuuchoma ili wapande mpunga. Basi msitu, mpunga na mtungi vilifungamana.

Ndiyo maana twaona mashaka leo. Vita, na baada ya 1975 wingi wa wahamiaji na mashamba ya kahawa, vimeipunguza misitu hiyo. Mitungi mingi ya kale imeuzwa, na pengine pombe hufanywa kwa chachu ya dukani ili wauziwe watalii. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza ngoma za upatu za nyanda hizo kuwa urithi wa wanadamu. Ni jambo jema. Lakini upatu hupigwa penye mtungi, na mtungi hujazwa kwa mpunga wa shamba.

Nasi tutafutapo habari za kale za taifa lo lote, tusiulize wafalme na vita tu. Tuulize pia watu walikunywa nini pamoja, na kwa kipimo gani.