Hasimu Aliye Kando: Mvuto wa Michezo ya Video ya Mapambano ya Magari, 1980–2023

Mwaka 1995 kampuni ya SingleTrac ya Salt Lake City, Marekani, ilitayarisha mchezo wa Twisted Metal kwa ajili ya mashine ya PlayStation. Ndani yake madereva hushambuliana kwa makombora katika mitaa ya Los Angeles mpaka abaki mmoja, naye hutimiziwa takwa moja na Calypso, mwandaaji wa shindano. Mwaka 2023 kisa hicho kilifanywa tamthilia ya televisheni. Swali la kihistoria linalozuka ni hili: kwa nini utanzu uliostawi kwa miaka michache tu, na ambao picha zake zimepitwa na wakati, unaendelea kuwavutia watu?

Jibu lililozoeleka ni kwamba wapenzi wake wanatamani utoto wao. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshelezi. Hamu ya utotoni ingeweza kuuhuisha mchezo wowote wa miaka hiyo; haielezi ni kitu gani hasa kinachokumbukwa katika huu. Makala haya yanadai kwamba kiini cha mvuto huo ni mpangilio wa uchezaji: mahasimu wawili waliokaa bega kwa bega, wakitazama kioo kimoja.

Mpangilio huo una asili nje ya kompyuta. Taswira ya gari lenye silaha ilienezwa na filamu kama Death Race 2000 (1975) na Mad Max (1979). Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Steve Jackson Games ilitoa Car Wars, mchezo wa mezani ambamo wachezaji walisogeza magari ya karatasi juu ya ramani na kurusha dete. Mwaka 1985 Origin Systems iliuhamishia mchezo huo kwenye kompyuta kwa jina la Autoduel. Magari na silaha vilihama, meza haikuhama. Mchezaji wa Autoduel alipambana na programu, akiwa peke yake.

Kilichoirejesha meza hiyo ni kioo kilichogawanywa. Super Mario Kart ya Nintendo (1992) iliwaruhusu wawili kuviziana uwanjani, kila mmoja akijaribu kupasua maputo ya mwenzake. Twisted Metal iliupanua mpango huo katika umbo la pande tatu. Hapa teknolojia ilichangia kwa namna isiyotajwa sana. Mashine za wakati huo zilichora vitu kwa pembetatu chache, hivyo mwili wa binadamu ulionekana kama kinyago kilichochongwa kwa haraka. Gari, kwa upande wake, ni sanduku gumu lisilo na uso wala viungo vya kukunja. Pembetatu chache zilitosha kulifanya lisadikike. Waanzilishi wa SingleTrac walitoka Evans & Sutherland, kampuni iliyojulikana kwa mitambo ya kufunzia marubani, na hivyo hawakuwa wageni katika kazi ya kuchora vyombo vinavyokwenda kasi.

Uteuzi wa magari nao ulikuwa na maana. Uwanjani mlikuwamo teksi, gari la polisi, pikipiki na gari la kuuza aiskrimu, yaani vyombo ambavyo Mmarekani aliviona barabarani kila siku. Mchezaji hakuhitaji kuelezwa chochote. Tena, kwa kuwa kioo kilikuwa kimoja, hapakuwa na siri: kila mmoja aliweza kuchungulia nusu ya mwenzake na kujua alikojificha. Kejeli, kicheko na malalamiko ya aliyeshindwa vilikuwa sehemu ya mchezo, ingawa havikuandikwa katika programu.

Yupo anayeweza kupinga kwamba mvuto ulikuwa ukatili wenyewe. Ni kweli kwamba Death Race ya kampuni ya Exidy (1976) ilizusha ghadhabu Marekani, na kwamba mwaka 1997 bodi ya ukaguzi wa filamu ya Uingereza iliinyima Carmageddon kibali, ikauzwa huko ikiwa na mazuka wenye damu ya kijani badala ya watembea kwa miguu, hadi rufaa ilipofaulu. Hata hivyo, mtafaruku hueleza jinsi mchezo ulivyojulikana, si sababu ya watu kuurudia miaka mingi baadaye.

Kufifia kwa utanzu kunaipa hoja hii nguvu. Mwaka 2001 Grand Theft Auto III ilimpa mchezaji mmoja jiji zima la kuendesha na kufyatua risasi, na viwanja vya mapambano vikaonekana finyu. Twisted Metal ya mwaka 2012 iliwaruhusu watu 16 kupambana kwa intaneti, lakini seva zake zimeshazimwa na upande huo wa mchezo umetoweka. Toleo la pili, la mwaka 1996, bado linahitaji mashine, diski, vidhibiti viwili na watu wawili tu. Kwa upande mwingine, Rocket League ya Psyonix (2015) iliondoa silaha na kuweka mpira, lakini ikabakiza uwanja uliozingirwa na kioo kinachogawanyika. Ikapata wachezaji wengi mno. Bunduki ziliweza kuondolewa bila mvuto kwisha.

Matokeo ya hoja hii yanamhusu mtafiti. Kuhifadhi programu ni kuhifadhi meza bila walioizunguka. Twisted Metal ikichezwa leo na mtu mmoja, mbele yake zinabaki picha hafifu na uwanja mdogo, naye anaweza kushangaa watu walipenda nini. Ushahidi wa kile walichokipenda umo katika kumbukumbu za waliokaa kwenye sebule zile. Ushahidi huo hauna budi kukusanywa kwa mahojiano wangali hai, kwa kuwa haumo katika diski yoyote.