Marekani: Sheria Yakataza Kuwanyima Nyumba Wapangaji Wenye Watoto

Mwenye nyumba nchini Marekani haruhusiwi kumkataa mpangaji kwa sababu ana watoto. Katazo hilo limo katika Sheria ya Makazi ya Haki ya mwaka 1968, kama ilivyorekebishwa mwaka 1988, na lilianza kutumika tarehe 12 Machi, 1989.

Ulinzi huo unaihusu kaya yenye mtoto wa umri chini ya miaka 18 anayeishi na mzazi, mlezi wa kisheria au mtu aliyepewa idhini yao ya maandishi. Mjamzito analindwa pia, sawa na mtu aliye katika hatua za kupata haki ya kumlea mtoto.

Ubaguzi si lazima utamkwe. Kudai amana kubwa zaidi kwa sababu ya watoto, kusema nyumba imekwisha kupangishwa ilhali ingali wazi, au kuzitenga familia katika jengo moja ni ukiukaji wa sheria. Hoja ya usalama wa ngazi au roshani nayo haimpi mwenye nyumba mamlaka ya kumwamulia mzazi.

Suala la idadi ya wakazi huzigusa zaidi kaya kubwa, zikiwamo za wakimbizi wanaozungumza Kiswahili kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwenye nyumba anaweza kuweka kikomo, mradi kiwe cha busara na kiwahusu wapangaji wote. Kwa kawaida, watu wawili kwa kila chumba cha kulala huhesabiwa kuwa kiwango kinachokubalika, ingawa ukubwa wa vyumba na umri wa watoto huzingatiwa.

Sheria hiyo haizuii makazi maalumu ya wazee kutopokea watoto. Aidha, jengo lisilozidi makazi manne ambamo mwenyewe anaishi limesamehewa kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, tangazo la kukataa watoto limekatazwa huko pia.

Malalamiko hupokelewa bila malipo na Wizara ya Makazi na Maendeleo ya Miji (HUD) ndani ya mwaka mmoja tangu tukio; shauri mahakamani hufunguliwa ndani ya miaka miwili. Ni kosa kumlipizia kisasi mlalamikaji. Mpangaji anashauriwa kuhifadhi tangazo, ujumbe wa simu, tarehe na majina ya aliozungumza nao, kwa kuwa ushahidi huo ndio utakaopimwa.