Siku barua ya jirani ilipopitia Marekani

Jumapili ya Mei 12, 2024 ilikuwa Siku ya Mama. Jirani yangu hapa Mombasa, nyanya anayemlea mjukuu wa miaka mitano, alikuwa amejifunga leso mpya tangu asubuhi akingoja simu ya binti yake anayefanya kazi za nyumbani Doha. Simu ikaingia. Uso wa binti ukaonekana, mdomo ukafunguka nusu, ukabaki hivyo hivyo. Mtoto akauliza mbona mama amegeuka picha. Nyanya akaitikisa simu kama watu walivyozoea kuitikisa redio iliyoishiwa na betri, akatoka nje hadi chini ya mwembe, akanunua bando la shilingi hamsini akidhani lile la kwanza limekwisha. Halikuwa limekwisha.

Siku hiyo kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Tangu Februari kebo nyingine zilikuwa tayari zimekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia ya kaskazini nayo ilikuwa inachechemea. Intaneti ikapungua nguvu Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko, na Tanzania ikawa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Vijana wanaofanya kazi za mtandaoni walikaa wakitazama duara likizunguka kwenye skrini.

Kila jambo kama hili linapotokea, magazeti yetu hurudi mwaka 2009. Hukumbusha Juni 12, siku Rais Mwai Kibaki alipokuja Mombasa kuipokea kebo ya TEAMS iliyotoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Hotuba zilitolewa, ngoma zikachezwa, picha zikapigwa. Ni hadithi nzuri na ya kweli. Lakini fundi mmoja mstaafu wa mitambo ya mawasiliano, ambaye nimekuwa nikinywa naye kahawa chungu kwa miaka, hukasirika akiisikia. Kwake yeye historia ya intaneti ya nchi hii haikuanzia ufukweni. Ilianzia kwenye chumba cha kupanga katikati ya Nairobi, palipokuwa na swichi mbili, na serikali ikakizima.

Nilimwomba anieleze tangu mwanzo. Mwanzo aliupitia haraka. Mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa ya 90, barua pepe ilikuwa mali ya watu wachache: mashirika ya mazingira yaliyokuwa na makao Nairobi, watafiti, na madaktari. Usiku kompyuta ya Nairobi iliunganishwa kwa simu na ya London, ikatema barua za siku nzima kwa mkupuo, ikapokea nyingine, kisha ikakata laini kabla bili haijapanda. Madaktari walikuwa na mtandao wao, HealthNet, ulioendeshwa na SatelLife, shirika lililoanzishwa na daktari wa moyo wa Marekani, Bernard Lown. Setilaiti yao ndogo, HealthSat-2, ilirushwa mwaka 1993. Haikutulia mahali pamoja angani. Ilipita juu mara chache kwa siku, na daktari aliyetaka makala ya kitabibu au ushauri wa mwenzake aliingoja ipite, kama watu wa kisiwani wanavyongoja dau. Kwa hospitali ambayo majarida ya sayansi yaliifikia yakiwa na mwaka mzima au hayakuifikia kabisa, hiyo ilikuwa neema. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi tunasema intaneti ililetwa na biashara. Waliotangulia kuihitaji hapa walikuwa watu wa wagonjwa na watu wa utafiti.

Biashara ilifuata mara. Mwaka 1994 Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno, walianzisha Africa Online. Shirika la Posta na Simu, lililoshika kila waya nchini, likatangaza gazetini kwamba huduma hizo ni kuuza tena laini zake bila idhini. Tangazo halikumzuia mtu. Mwaka 1999 shirika hilo likagawanywa: Posta upande wake, Telkom Kenya upande wake, na msimamizi mpya akaundwa, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK. Telkom ikapewa miaka mitano ya kuwa peke yake kwenye njia za kutoka nje ya nchi, kupitia mtandao wake wa Jambonet.

Hapo mzee akaagiza kahawa ya pili.

Ili kuelewa ugomvi uliofuata, yafaa kufuata barua pepe moja ya mwaka 2000. Tuseme karani wa ofisi iliyo Moi Avenue anamwandikia mwenzake wa Kimathi Street, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Karani amejiunga na kampuni moja ya intaneti, mwenzake na nyingine. Kampuni hizo mbili hazina waya unaoziunganisha. Kila moja ina njia yake ya kwenda ng'ambo tu. Basi barua inapanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, inashuka Marekani, inahama kutoka mkono wa kampuni moja kwenda wa pili, inapanda tena kilomita 36,000, na kushuka Nairobi. Jumla ni kilomita 144,000 ili kuvuka mitaa miwili. Na kompyuta haziongei upande mmoja: jibu la kwamba ujumbe umefika nalo linafunga safari hiyo hiyo. Mafundi walipopima, kwenda na kurudi kulichukua kati ya milisekunde 1,200 na 2,000, yaani sekunde moja na zaidi hadi mbili. Ukizidisha hiyo kwa mara mamia ambazo kompyuta husemezana ili kufungua ukurasa mmoja, utakumbuka kwa nini kwenye saiba zetu, tulikolipa kwa dakika, saa ya ukutani ilitazamwa kuliko skrini.

Na safari hiyo ililipiwa kwa dola. Takriban asilimia 30 ya mzigo uliopandishwa angani na kampuni za Kenya ulikuwa unakwenda kwa Wakenya wenzao. Tulikuwa tunalipa nauli ya Marekani kumsalimia jirani.

Dawa ilijulikana. Kampuni zote zikutane chumba kimoja, kila moja ilete waya wake, zipeane barua za humu nchini hapo hapo. Chama chao, TESPOK, kilitumia karibu mwaka mzima kuandaa jambo hilo, na sehemu kubwa ya mwaka huo haikuhusu mitambo. Ilikuwa kuwashawishi wapinzani wa kibiashara waaminiane. Brian Longwe, mmoja wa waanzilishi, amekuwa akilieleza hilo barani kote tangu wakati huo. Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida: swichi mbili, ili moja ikifa nyingine ishike, na mahali pa kila kampuni kuchomeka ruta yake. Wakakiita kituo hicho KIXP. Mwishoni mwa Novemba 2000 kikawashwa.

Ndani ya wiki mbili kikazimwa.

Telkom ililalamika CCK kwamba kituo kinavunja haki yake ya kubeba mawasiliano ya kimataifa peke yake. CCK ikakubali kwamba kituo kinahitaji leseni, na kwa kuwa hakina, ni mtambo haramu. Mzee wangu hapa hushindwa kujizuia, na kusema kweli hata mimi. Mawasiliano ya kimataifa? Kituo kiliwekwa ili barua ya Moi Avenue isiende nje ya nchi! Kampuni zikajitetea hivyo hivyo: mzigo wa ng'ambo utaendelea kupita kwa Telkom, na hili la ndani ni shughuli ya wanachama waliokubaliana wao kwa wao, jambo ambalo sheria iliruhusu. Lakini Telkom iliyaona mambo vizuri zaidi kuliko wanasheria wake walivyosema. Robo na zaidi ya mzigo ikibaki nyumbani, laini za kimataifa zitakodishwa chache, na mapato yatashuka. Aliyekuwa akitoza nauli ya kwenda na kurudi Marekani hakutaka abiria wajue kuna njia ya mkato.

Mvutano ulichukua takriban mwaka. Kesi ikafikishwa kwa jopo la rufaa la mawasiliano, vitisho vya mahakamani vikatolewa, magazeti yakaandika, na mengi yakasemwa faraghani. Mzee anasema jambo ambalo silipati kwenye karatasi yoyote lakini naliamini: kwamba waliokuwa ndani ya CCK na kuielewa mitambo waliona upesi kwamba kampuni zina haki, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Leseni ikatolewa Novemba 2001. Hata hapo hapakuwa na haraka, kwa sababu waya za kuifikia KIXP zilikodishwa kutoka kwa yule yule aliyeipinga. Kituo kikarudi kazini Februari 2002, kikiwa na kampuni tano tu.

Barua ya Moi Avenue ikaanza kwenda na kurudi katika muda usiofika moja ya kumi ya sekunde. Laini ya kilobiti 64 iliyogharimu dola 3,375 kwa mwezi kwa njia ya ng'ambo, ilipatikana kwa dola 200 kwa njia ya kituo. Dar es Salaam nao wakafungua chao. Telkom, iliyolia haramu, leo ni mwanachama.

Mambo ya baadaye yanajulikana. Kulikuwa na ugomvi wa pili, wa EASSy, ambapo serikali na kampuni za kanda zilibishana kwa miaka nani aimiliki kebo na nani aruhusiwe kuitumia, hadi Kenya ikachoka na, chini ya katibu wa wizara Bitange Ndemo, ikaenda kushirikiana na Etisalat ya Falme za Kiarabu kutandaza TEAMS kwa dola milioni 130. Seacom ikawashwa Julai 2009, EASSy mwaka uliofuata. Setilaiti zikastaafu. M-Pesa ilikuwa imeanza mwaka 2007. Vyuo vikuu viliunganishwa na mtandao wao wa elimu, KENET. Janga la korona lilipokuja, wanafunzi walisomea jikoni, na maabara ya watafiti wa Kilifi ikatuma mpangilio wa vinasaba vya virusi duniani kwa siku chache. Kazi nazo zikaja, nzuri na mbaya. Mwaka 2023 zaidi ya vijana 180 waliokuwa wakichuja video za mauaji na unyama kwa niaba ya mitandao ya kijamii walifungua kesi Nairobi kupinga kufutwa kazi, na wengi wao wakasema kazi hiyo imewaharibu akili. Kebo ile ile inayomletea nyanya uso wa binti yake ndiyo iliyowaletea wao vichwa vilivyokatwa, zamu nzima, siku baada ya siku. Hilo linataka makala yake.

Narudi kwa swichi mbili, kwa kuwa ndizo zinazopuuzwa. Kebo ya baharini ni kitu kikubwa, na ni dhaifu. Februari 25, 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga pasiporuhusiwa na kuikata TEAMS, karibu na mahali ilipopokelewa kwa ngoma. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Durban. Hatuwezi kuzuia kila nanga. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba kinachotoka Kenya kwenda Kenya hakiikaribii bahari. Kati ya mwaka 2012 na 2020 sehemu ya intaneti ya Kenya inayopatikana humu humu nchini ilipanda kutoka asilimia 30 hadi 70, na mzigo unaopita KIXP katika saa za kilele kutoka gigabiti 1 kwa sekunde hadi 19. Hayo hayakutokea kwa kukata utepe. Yalitokea kwa sababu chumba kile hakikukubali kufa, na kampuni kubwa za dunia zikaona faida ya kuweka nakala za bidhaa zao karibu nacho.

Hata hivyo bado tuna ofisi za umma, shule na zahanati ambazo kumbukumbu zake zinakaa kwenye seva za ng'ambo, kwa kuwa aliyejenga mfumo alichagua bei ya mwezi wa kwanza. Daktari wa hapa Mombasa anayefungua faili ya mgonjwa wa hapa Mombasa anaweza kuwa anaituma Ulaya na kuirudisha. Ni ile ile barua ya Moi Avenue, ila sasa inavuka chini ya maji badala ya kupaa. Siku kebo ikikatika, faili haifunguki, na mgonjwa yupo kwenye benchi.

Mzee alimaliza kahawa akaniomba nimsaidie jambo moja, nami nalipitisha kwenu. Swichi zile za Novemba 2000 hajui zilikoishia. Nimepita makumbusho yetu mawili, nikaona mizinga ya Wareno na simu za kuzungusha kidole, sikuona waya hata mmoja wa intaneti. Kama wewe ulifanya kazi kwenye mojawapo ya kampuni zile tano, na stoo kwako kuna ruta kuukuu, bili ya Jambonet, au picha ya chumba kile, usiiuze kwa wauza vyuma chakavu. Ipeleke Makumbusho ya Taifa, na uandikishe jina lako unapoiacha.