Afya ya meno vijijini: tusingoje daktari, tuwafunze wenyeji

Mkaazi wa Ganze au Kinango akiumwa na jino, mara nyingi matibabu huyafuata mjini. Nauli na kibarua cha siku humfanya asubiri. Hununua dawa ya maumivu dukani, husukutua kwa maji ya chumvi, na anapomfikia daktari, jino limeoza hadi ndani. Linalobaki ni kung'oa. Na jino si jambo dogo: usaha wake unaweza kuenea shingoni na kuhatarisha maisha.

Uozo huanza polepole. Bakteria kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa asidi inayomong'onyoa jino. Doa jeupe karibu na ufizi ndiyo dalili ya mwanzo, na hapo bado jino huokolewa.

Nani wa kuliona doa hilo? Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, kila mmoja akihudumia takriban nyumba 100. Wakifunzwa, wanaweza:

- kuinua mdomo wa mtoto na kukagua meno;
- kumwonyesha mzazi kusugua meno mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka 3;
- kumpeleka hospitali upesi mwenye homa, uvimbe wa uso au asiyeweza kufungua mdomo.

Mhamasishaji hang'oi wala hazibi jino. Hiyo ni kazi ya waliosomea, wakiwemo maafisa wa afya ya kinywa ya jamii wanaofunzwa KMTC. Nao hawahitaji kiti cha umeme kwa kila jino. Katikati ya miaka ya 1980, jirani zetu Tanzania, ilianza njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu, ambalo siku hizi huzibwa kwa saruji ya glasi-ionoma. Inafanyika hata kwenye zahanati isiyo na stima. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno ya floridi, katika orodha ya dawa muhimu.

Afya iko mikononi mwa kaunti. Basi kwenye vikao vya bajeti tuulize: mafunzo ya meno yametengewa kiasi gani, na zahanati yetu itapata lini afisa na saruji? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.