Kuumba, Kulipuka, Kutanuka: Mwanzo wa Ulimwengu katika Lugha ya Ziwa na Pwani

Kata ya Kalemela ipo wilayani Busega, katika mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012 na kuwekewa makao makuu mjini Bariadi. Haiko mbali na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria. Na mashariki yake, ng'ambo ya nyika za Serengeti, lipo bonde la Olduvai. Kati ya ghuba na bonde hilo yamekutana maelezo matatu juu ya asili ya vitu vyote: ya Wasukuma wenyewe, ya wamisionari wa Kianglikana waliofungua kituo cha Nassa mwaka 1888 na kukikabidhi kwa misheni ya Africa Inland mwaka 1909, na ya wanasayansi waliochimba mifupa bondeni. Aghalabu kukutana huko husimuliwa kama vita baina ya imani na sayansi. Ushahidi wa lugha hauungi mkono masimulizi hayo moja kwa moja.

Miongoni mwa majina ya Mungu katika Kisukuma limo Liwelelo, nalo lina shina moja na welelo, yaani ulimwengu. Katika jina hilo Mungu na ulimwengu havitenganishwi kama fundi anavyotenganishwa na kazi yake. Mafundisho ya Nassa, kwa upande wake, yalihitaji Mungu aliyekuwepo kabla ya ulimwengu na aliye nje yake. Kwa hiyo mvutano wa kwanza kuhusu asili ya ulimwengu katika nchi hiyo haukuwa wa dini na sayansi. Ulikuwa wa dini na dini, na ulianza wakati ambapo hakuna mwanasayansi yeyote aliyekwisha kufika Olduvai.

Kitenzi kilichobeba mafundisho mapya nacho kilikuwa na historia yake. Kuumba kwa Kiswahili kunatokana na shina la kale la Kibantu lenye maana ya kufinyanga udongo, na lugha kadhaa za bara bado zinalitumia kwa kazi ya vyungu. Mfinyanzi hafinyangi pasipo udongo. Hivyo fundisho la kwamba Mungu aliumba bila kutumia kitu chochote lilielezwa kwa neno ambalo tangu asili lilidai kuwepo kitu mkononi. Washairi wa pwani, waliozoea kufungua tenzi zao kwa kumsifu Mola, walielekea zaidi kwenye picha ya amri: Mungu hutamka, na jambo huwa. Msomaji wa tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, iliyochapishwa mwaka 1969, hukutana na picha zote mbili, ya udongo na ya amri, wala haoni kwamba zinagombana.

Hata neno siku lina mambo. Kwa desturi ya Uswahilini siku huanza jua linapokuchwa. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wake. Msomaji wa pwani anapofungua kitabu cha Mwanzo na kukuta jioni ikitajwa kabla ya asubuhi, hana cha kushangaa, ilhali Mzungu hulazimika kuelezwa. Waliobishana kama siku sita za uumbaji zilikuwa na urefu wa saa ishirini na nne walikuwa wakipima kwa saa ya wengine.

Upande wa sayansi nao hauko mbali na altare kama inavyodhaniwa. Aliyependekeza kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba ulianzia katika chembe moja ya asili, ni Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji, katika maandishi yake ya mwaka 1927 na 1931. Jina la kiutani lililokuja kutafsiriwa kuwa Mlipuko Mkuu lilitolewa redioni mwaka 1949 na Fred Hoyle, mpinzani wa nadharia hiyo. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na imani katika Muumba, padri huyo hakufurahi. Kwake hesabu za fizikia hazikuwa na kazi ya kuthibitisha wala kukanusha katekisimu.

Tafsiri ya Kiswahili imebeba utani wa Hoyle kana kwamba ni maelezo. Kulipuka ni jambo la baruti: hutokea mahali fulani, mbele ya watu, na huharibu. Nadharia haisemi hivyo. Inasema kwamba nafasi yenyewe imekuwa ikitanuka kwa takriban miaka bilioni 13.8, wala hapakuwa na nje ambapo mtu angesimama kutazama. Kutanuka kungalifaa zaidi. Mkulima wa Simiyu anayeambiwa kwamba wasomi wanaamini ulimwengu ulitokana na mlipuko ana haki ya kuuliza ni lini mlipuko ulijenga nyumba. Na swali lake, lililo zuri, linahusu neno zaidi kuliko nadharia.

Si kwamba Kiswahili kilikuwa kigeni katika elimu hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza mahususi kwa uchunguzi wa mionzi ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. (Jukwaa lilikuwa na jina la mwinjilisti, na hapana aliyelalamika.) Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kimoja, Cygnus X-1, huenda ni shimo jeusi.

Bonde la Olduvai lilileta mgogoro ulio karibu zaidi na ngozi ya watu, kwa kuwa uligusa asili ya mwanadamu mwenyewe. Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903 kwa wazazi wamisionari, na ujanani alikusudia kuwa mmisionari pia. Mkewe Mary alipogundua fuvu tarehe 17 Julai 1959, walilipa jina Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani hii. Miaka miwili baadaye, vipimo vya miamba viliupa umri wa takriban miaka milioni 1.75. Al-Masudi, aliyeandika habari za Zinj katika karne ya 10, alikuwa amejishughulisha na jambo jingine: aliandika jina walilomwitia Mungu, akalifasiri kuwa ni Bwana Mkubwa.

Mwaka 2006 ugomvi ulizuka hadharani mjini Nairobi. Askofu Boniface Adoyo aliongoza upinzani dhidi ya jinsi makumbusho ya taifa yalivyokusudia kuonyesha mifupa ya mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Richard Leakey akampinga vikali. Mjadala mwingi uliendeshwa kwa Kiingereza, katika nchi ambayo wengi husali kwa lugha nyingine.

Hapo ndipo penye shida ya mwanafunzi wa Kalemela. Habari za uumbaji humfikia kwa Kisukuma nyumbani na kwa Kiswahili kanisani, lugha ambazo anaweza kuuliza, kutania na kubisha kwazo. Habari za chembe, nyota na mageuzi humfikia sekondari kwa Kiingereza, naye huzikariri kwa ajili ya mtihani. Akichagua moja na kuiacha nyingine, si rahisi kujua kama amepima hoja au amefuata tu lugha anayoielewa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na istilahi hazikukosekana. Lakini miaka miwili baadaye Tanzania iliingia katika mfumo wa vyama vingi, na neno mageuzi likashikwa na wanasiasa. Mzazi aliyelisikia kwa mara ya kwanza mkutanoni alikuwa na sababu ya kudhani kwamba mwalimu wa biolojia anafundisha upinzani.